Kipara si Kitu, Upepo Ndiyo Habari: Maswali Kuhusu Matairi ya Ndege

Ndege ikigusa lami, moshi hufumka nyuma ya magurudumu na abiria wa dirishani hushika kiti. Jirani yake, aliyekwisha kuzoea, hata haamki usingizini.

Ule moshi ni wa nini?

Ni mpira unaoungua. Tairi hushuka likiwa limetulia tuli, kisha kufumba na kufumbua linatakiwa kuzunguka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kabla halijaushika mwendo huo, huburuzwa. Masalia yake ndiyo ile michirizi myeusi mwanzoni mwa njia ya kurukia, ambayo viwanja hulazimika kuikwangua kwa maji yenye nguvu, maana mvua ikinyesha huteleza.

Breki nazo zinakula mpira, hali kadhalika kona kali za kuelekea maegeshoni.

Mbona halina kashata kama tairi la gari?

Magurudumu ya ndege hayasukumi chochote. Kazi hiyo ni ya injini. Kwa hiyo hayahitaji meno ya kung'ang'ania tope. Yana mifereji michache tu inayolizunguka tairi, ya kupitishia maji ili mpira usielee juu yake.

Hubadilishwa lini?

Hapa umri hauulizwi sana. Fundi huchuchumaa na kurunzi yake, akafuata mfereji mmoja mmoja. Mpira ukiliwa hadi sakafu ya mfereji wowote, hata kama ni mahali pamoja tu, tairi linatoka. Uvimbe ubavuni nao hausamehewi. Kuna kijisehemu kinachomponyoka fundi mvivu: pale tairi lilipokalia ardhi. Bila ndege kusogezwa kidogo, hapaonekani.

Kwa kawaida tairi hutua mara mia kadhaa. Likitolewa halitupwi, kiwanda hulichuna na kulivalisha mpira mpya, na mwili uleule huweza kurudi kazini mara kadhaa.

Basi kipara ndiyo hatari kubwa?

Hapana. Upungufu wa upepo unatisha zaidi, na haujionyeshi kwa macho. Tarehe 11 Julai 1991, ndege ya DC-8 ya kampuni ya Nationair ya Kanada iliruka kutoka Jeddah ikiwarudisha mahujaji Sokoto, Nigeria. Tairi moja lilikuwa na upepo pungufu, mwenzake kwenye ekseli ileile akabebeshwa mzigo usio wake. Yote mawili yaliharibika ndege ikiwa bado inakimbia chini, moto ukawaka, na magurudumu yakakunjwa tumboni yakiungua. Watu wote 261 walikufa.

Ndiyo maana geji hutumika kila siku, tairi likiwa limepoa. Likikutwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake, huondolewa pamoja na mwenzake, hata kama huyo mwenzake anang'aa.

Kwa nini nitrojeni?

Tairi la ndege kubwa hujazwa hadi PSI 200 hivi. La gari dogo huridhika na 30. Machi 31, 1986, Boeing 727 ya Mexicana ilianguka nchini Meksiko na kuua watu 167. Breki ilipata joto kupita kiasi, na tairi lililojazwa hewa ya kawaida likalipuka ndege ikiwa angani. Nitrojeni haichochei moto, wala haibebi unyevu wa kuganda huko juu.

Kwa tairi, kutua Nairobi na Dar es Salaam ni sawa?

Si sawa. Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo ndege yenye uzito uleule hulazimika kukimbia chini kwa kasi inayozidi ya Dar kwa karibu asilimia 8. Tairi na breki hulipa tofauti hiyo.

Ndege ndogo za watalii zinazotua kwenye changarawe ya Serengeti zina shida nyingine kabisa: mawe. Huko rubani, kabla ya kuwasha injini, hulipapasa tairi kwa kiganja akitafuta kijiwe kilichojichimbia.