Linux yenye sura ya Windows

Swali: Kompyuta yetu ya dukani haikubali Windows 11. Nataka kuweka Linux, lakini mama anayeitumia amezoea Windows. Niifanyeje ifanane?

Jibu: Umefikiri vizuri, maana Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Weka Linux Mint ya Cinnamon. Upau uko chini, menyu kona ya kushoto, saa kulia; mama ataona pa kubofya bila kuuliza. Mandhari za kuigiza Windows zinazozagaa mtandaoni achana nazo, nyingi huvurugika mfumo ukisasishwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kazi yenyewe. Sura haiendeshi programu za Windows. Programu iitwayo Wine huziendesha baadhi tu kwenye Linux, kwa hiyo kama mna programu ya risiti au stoo, ijaribu mapema. Mafaili ya Excel yatafunguka kwenye programu ya LibreOffice. Nenda kwenye mipangilio yake, uiamuru ihifadhi kwa xlsx daima, ili mhasibu wenu asipate shida.

Mint huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mkalishe mama hapo afanye kazi zake za kawaida, na kabla ya kufuta Windows, nakili mafaili yake yote pembeni.