Kikaragosi cha Mota na Silabi za Kiswahili

Wanafunzi wanaobuni kikaragosi cha mota kwa ajili ya mradi wa darasa hukabiliwa na swali la kiisimu: je, taya lake lifunguke lini? Katika hatua ya kubungua bongo, jibu la kwanza aghalabu huwa kwamba lifunguke kwa kila silabi. Jibu hili lina mashiko, kwani silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Neno "kitabu", kwa mfano, litahitaji mifunguko mitatu.

Hata hivyo, kielelezo cha kadibodi, ambacho taya lake huvutwa kwa uzi kabla ya mota kufungwa, hudhihirisha kasoro. Neno "mtu" lina silabi mbili, m-tu, lakini /m/ hutamkwa midomo ikiwa imefumbwa. Taya likifunguka mara mbili, hadhira itaona kinywa kikitamka irabu isiyosikika. Kwa hivyo, mota iongozwe na irabu, si idadi ya silabi. Vilevile, /a/ ipewe mfunguko mpana kuliko /i/ na /u/, kwa kuwa taya hushuka zaidi inapotamkwa.

Kosa linalogunduliwa kwenye kadibodi husahihishwa kwa mkasi na gundi. Likigunduliwa baada ya mota kufungwa, kichwa kizima hubomolewa.