Zuia Baridi, Usizuie Hewa Safi



Huku Njombe na Makete baridi huwa kali mwezi wa Juni na Julai. Nyumba nyingi za kupanga ni za zamani. Milango haifungi sawasawa. Kuta zina nyufa. Upepo huingia usiku kucha.

Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati. Nilipoanza kazi nilipanga chumba cha namna hiyo. Usiku mmoja niliingiza jiko la mkaa, nikafunga mlango na dirisha. Mkaa ulikuwa umekolea, hauna moshi. Nikalala. Niliamka kichwa kinaniuma, miguu haina nguvu. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikaufungua. Nilijua hatari hiyo, lakini baridi ilinishinda.

Mkaa unaowaka hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hii haionekani wala hainuki. Ukiivuta huingia katika damu, na mwili hukosa hewa safi. Aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Basi tufanyeje? Tuzibe njia za upepo.

1. Zungumza kwanza na mwenye nyumba. Ukuta ukizibwa nyufa, nyumba yake nayo hudumu.

2. Funga mlango na dirisha. Shika uzi mwepesi karibu na nyufa. Uzi ukipepea, upepo unapita hapo.

3. Ziba nyufa kwa udongo uliokandwa pamoja na majani makavu.

4. Kunja gunia, uliweke chini ya mlango.

5. Sogeza kitanda mbali kidogo na ukuta. Tandika mkeka chini ya godoro.

6. Usizibe matundu ya hewa yaliyo juu ukutani. Wanaolala wanahitaji hewa safi.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata kama mkaa unakaribia kuzimika.

Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua mlango na madirisha. Mtoe nje upesi. Kisha mpeleke zahanati, hata akisema amepata nafuu.

Ndugu, leo jioni shika uzi wako, upime mlango wako. Mwonyeshe na jirani.

Maswali
1. Kwa nini mkaa usio na moshi ni hatari?
2. Ni matundu gani hayafai kuzibwa?
3. Utamsaidiaje mtu aliyevuta sumu ya mkaa?