Mto Ruvubu na Udongo wa Mashamba Yetu

Mto Ruvubu hupita karibu na Gitega, hushuka upande wa Muyinga, kisha huingia Tanzania. Karibu na maporomoko ya Rusumo hukutana na Nyabarongo, na hapo huanza mto Kagera uendao Ziwa Victoria. Wakati wa mvua maji yake huwa mekundu. Wekundu huo ni udongo wa mashamba yetu. Nataka kuwaelezeni jinsi unavyosafiri.

Maji yaendayo mbio yana nguvu. Mawe huyabingirisha chini, mchanga huurusharusha, na udongo laini huelea ndani yake. Mbio zikipungua, maji hutua mzigo wake kwa taratibu: kwanza mawe, kisha mchanga, mwisho udongo laini. Ndiyo sababu twaona kokoto penye mteremko, na tope bondeni penye mafunjo.

Jaribuni wenyewe. Tieni udongo wa shamba katika chupa nyeupe, jazeni maji, tikiseni, kisha iwekeni mezani. Nilipofanya hivyo, mchanga ulitua mara moja, lakini asubuhi ya pili maji yalikuwa bado na ukungu.

Barafu nayo hubeba mzigo, ila haichagui. Burundi haina barafu, maana hata mlima Heha haufiki mita 2,700. Lakini katika milima ya Rwenzori, Kenya na Kilimanjaro, zamani barafu ilishuka chini sana kuliko leo. Huenda polepole mno, ikikwangua mwamba; ikiyeyuka huacha mawe makubwa, mchanga na unga wa mwamba vyote pamoja katika tuta moja. Matuta hayo yatuonyesha barafu ilifika wapi.

Basi, maji huchagua, na hilo ndilo hasara yetu. Udongo laini ndio wenye rutuba nyingi, nao huenda mbali kuliko wote. Mlimani hubaki changarawe. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia humaliza shamba.

Dawa yake ni kuyapunguzia maji mbio. Ninyi mlio shuleni, na ninyi wenzetu mliokwisha kumaliza na sasa mna mashamba, chimbeni mitaro ikatayo mteremko, msiielekeze bondeni, na pandeni majani ya tembo kingoni mwake. Maji yakienda polepole, yatautua udongo papo hapo shambani.