Kuchunguza Kipashajoto cha Kihisi cha Oksijeni katika Gari

Mara nyingi mwenye gari huambiwa kuwa kihisi cha oksijeni kimekufa. Hununua kingine kwa bei kubwa, na baada ya siku mbili ile taa ya injini huwaka tena. Kihisi cha zamani kilikuwa kizima. Kilichokatika ni fyuzi.

Kihisi hiki, ambacho mafundi hukiita sensa, hufungwa katika bomba la moshi. Ndani yake mna kauri ya zirkonia ambayo upande mmoja hupitiwa na moshi na upande wa pili hugusana na hewa ya kawaida. Tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo huzaa umeme mdogo: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, na karibu volti 0.1 hewa ikizidi. Kwa ishara hiyo kompyuta ya injini hupima petroli ya kuingiza.

Lakini zirkonia ikiwa baridi haizai ishara ya kutegemewa. Huhitaji joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Vihisi vya kwanza, vilivyofungwa katika magari ya Volvo mwaka 1976, vilingoja kupashwa na moshi wenyewe. Vyenye kipashajoto cha umeme vilikuja mwaka 1982. Kipashajoto kikifa, kompyuta hufanya kazi kwa kukisia kwa muda mrefu zaidi kila injini iwashwapo, na petroli hupotea.

Chombo cha kusomea hitilafu kikionyesha P0135, msomaji azingatie kwamba msimbo huo hutaja njia nzima ya umeme wa kipashajoto: fyuzi, rilei, nyaya, soketi, koili, hata kompyuta. Hausemi ni kipi kati ya hivyo kilichoharibika.

Basi tuanze na fyuzi, kwa kuwa kuitazama hakugharimu kitu. Ikiwa nzima, zima injini, ngoja bomba lipoe, kisha chomoa soketi ya kihisi. Katika kihisi cha nyaya nne, mbili zenye rangi moja kwa kawaida ndizo za kipashajoto. Pima ukinzani baina yake. Koili nzima ikiwa baridi huonyesha omu chache tu. Tuseme omu 6. Kwa betri ya volti 12, mkondo utakuwa ampea 2, yaani wati 24, nao hupungua koili ipatapo moto. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, na hapo ndipo kununua kihisi kipya ni haki.

Koili ikiwa nzima, geukia soketi ya upande wa gari. Swichi ikiwa imefunguliwa, waya mmoja wa kipashajoto uwe na volti za betri (katika baadhi ya magari, mpaka injini iwe inanguruma). Umeme ukiwapo, fuata waya wa pili, ambao kompyuta huunganisha na ethi. Tazama hasa mahali nyaya zinapopita karibu na bomba la moshi: ganda huyeyuka, waya hugusa bodi, fyuzi hukatika. Kubadilisha fyuzi bila kuutafuta waya huo ni kuikata nyingine.

Taa ya kupimia isiguswe kwenye waya wa ishara; mkondo wake waweza kuiharibu kompyuta.