Kazi ya Kiongozi wa Mlima

Mwalimu wetu wa Jiografia aliniomba niandike katika gazeti hili habari za safari ya chama chetu kupanda Mlima Kilimanjaro katika likizo ya Juni. Nilikataa mara mbili. Wenzangu saba walifika kileleni nami sikufika, na sikuona mtu asiyefika ana habari gani ya kuwapa watu. Mwalimu akajibu kwamba ndiyo sababu hasa alitaka niandike mimi. Basi nimekubali, lakini sitaeleza safari peke yake. Nataka kueleza kazi ya kiongozi wa mlima: jinsi ilivyoanza, namna inavyofanywa, na kwa nini neno lake la kurudi lina thamani kuliko neno lake la kwenda.

ILIVYOANZA ULAYA

Milima ya Alps hupita katika nchi kadhaa za Ulaya, zikiwamo Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria. Kilele kirefu kuliko vyote huko ni Mont Blanc, chenye mita 4,800 na kidogo zaidi. Chini yake, upande wa Ufaransa, kuna mji uitwao Chamonix. Zamani watu wa hapo walikuwa wakulima na wafugaji. Wengine walipanda majabali kuwinda au kutafuta mawe ya fuwele ya kuuza. Kileleni hawakuwa na haja ya kwenda, maana kileleni hakuna malisho.

Mwaka 1760 mtaalamu mmoja wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alitangaza zawadi kwa mtu atakayeivumbua njia ya kufika juu. Miaka 26 ilipita. Tarehe 8 Agosti 1786 watu wawili wa Chamonix walifika: Jacques Balmat, aliyekuwa mtafuta fuwele, na Michel-Gabriel Paccard, aliyekuwa daktari. Mwaka uliofuata de Saussure mwenyewe alipanda, naye alikuwa na viongozi 18. Tangu hapo wageni walizidi kuja, na mkulima aliyeijua njia akapata kazi mpya.

Lakini kazi hiyo ilikuwa bado haina kanuni imara. Mwezi wa Agosti mwaka 1820 mgeni mmoja kutoka Urusi, Dk. Joseph Hamel, alipanda pamoja na wageni wenzake na viongozi wa Chamonix. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ikawabidi kungoja. Husimuliwa kwamba viongozi walisita kuendelea, lakini safari iliendelea. Walipokuwa juu sana theluji ilikatika chini ya miguu yao, ikawazoa. Wageni walinusurika. Viongozi watatu walitumbukizwa katika ufa wa barafu, wakafa: Pierre Balmat, Pierre Carrier na Auguste Tairraz. Barafu ya mlimani hutembea polepole kama mto mzito. Mwaka 1861, yaani baada ya miaka 41, ilianza kuyatoa mabaki yao chini bondeni.

Msiba ule uliwafundisha watu wa Chamonix. Mwaka 1821 waliunda chama cha viongozi, nacho ni cha kwanza cha namna yake duniani. Waliweka zamu, ili kila kiongozi apate kazi kwa haki. Waliweka pia mfuko wa kuwasaidia viongozi walioumia na familia za waliokufa. Chama hicho kingali hai hata leo. Wageni huenda huko kwa likizo, wengine kuteleza juu ya theluji, wengine kupanda majabali kwa kamba. Wengine huuzunguka Mont Blanc kwa miguu, njia ya kilomita kama 170 ipitayo katika Ufaransa, Italia na Uswisi. Wengi huchukua kiongozi, ingawa hawalazimishwi.

KWETU KILIMANJARO

Ujuzi wa Alps ulifika kwetu mwaka 1889. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller, aliyekuwa mpanda milima hodari wa Alps, walifika kilele cha Kibo. Kwetu Marangu husimuliwa kwamba kijana Yohani Kinyala Lauwo ndiye aliyewaongoza, na jina lake linaheshimiwa mpaka leo. Kwa hiyo hata bingwa wa Alps alihitaji mtu wa kumwonyesha njia.

Siku hizi kwetu kiongozi ni sharti. Hakuna mtu anayeruhusiwa kupanda Kilimanjaro bila kiongozi mwenye kibali cha Hifadhi. Pale langoni mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani, kila mmoja asibebe zaidi ya kilo 20.

Baba yangu mdogo ni kiongozi. Alianza akiwa mpagazi, akawa kiongozi msaidizi, na baada ya mafunzo akapewa kibali chake. Katika safari yetu yeye ndiye aliyekuwa kiongozi mkuu. Tulikuwa wanafunzi kumi na walimu wawili. Nakiri kwamba nilijivuna sana. Nilizaliwa chini ya mlima ule, naye kiongozi alikuwa baba yangu mdogo. Nilimwambia rafiki yangu, mzaliwa wa Tanga, kwamba mtu wa pwani ataishia msituni.

HEWA YA JUU

Yafaa kwanza nieleze jambo ambalo wengi hulikosea. Watu husema kwamba juu ya mlima hakuna oksijeni. Si kweli. Oksijeni ni sehemu ile ile ya hewa, kama asilimia 21, kileleni na pwani. Kinachopungua ni mgandamizo. Hapa chini tunagandamizwa na hewa yote iliyo juu yetu. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyobaki juu yetu hupungua, na ile tunayoivuta huwa nyepesi. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na pumzi moja ya hapo huleta karibu nusu tu ya oksijeni iletwayo na pumzi moja ya Tanga.

Mwili waweza kuizoea hali hiyo, lakini unataka siku kadhaa. Kwa njia ya Marangu vituo vya kulala viko hivi: Mandara, kama mita 2,700, Horombo, kama mita 3,700, na Kibo, kama mita 4,700. Kila siku unapanda kama mita elfu moja, nazo ni nyingi. Kwa sababu hiyo sisi tulikaa Horombo siku moja zaidi. Siku hiyo tulipanda mpaka kwenye Mawe ya Pundamilia, kisha tukarudi kulala Horombo. Viongozi husema: panda juu, lala chini.

Mtu asiyezoea huumwa kichwa, hukosa usingizi na hamu ya chakula, na hutapika. Akizidi kupanda, maji yaweza kuingia katika mapafu yake, au ubongo ukavimba. Dalili moja ya ubongo kuvimba ni kupepesuka kama mlevi. Dawa iliyo kuu ni kushuka, tena upesi. Nguvu za misuli hazimkingi mtu, wala kuzaliwa Marangu hakumkingi, maana migomba yetu haioti Horombo.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kiongozi si kuonyesha njia. Njia ya Marangu inaonekana hata kwa mtoto. Kazi yake ni kuwatazama watu. Baba mdogo alitembea mbele polepole mno, hata nikaona aibu. Wakati wa kula alikuwa akitazama sahani zetu kuliko yake. Alisikiliza nani anakohoa, nani ameacha kuzungumza, na nani amechelewa kuamka.

USIKU WA KIBO

Kichwa kilianza kuniuma tangu tulipokuwa tukivuka uwanda wa mawe kati ya Mawenzi na Kibo. Sikumwambia mtu. Jioni Baba mdogo alikuja na tochi yake.

"Mwanangu, umekula?"

"Ndiyo, Baba mdogo." Chakula nilikuwa nimempa mwenzangu.

"Na kichwa je?"

"Kizima kabisa."

Akamwuliza rafiki yangu wa Tanga maneno yale yale. Yeye akajibu kwamba kichwa kinamgonga kidogo, ila chakula amekimaliza. Baba mdogo akamwambia anywe maji, alale, na akizidiwa amwite. Nilicheka ndani ya blanketi.

Saa tano za usiku tuliamshwa ili tujiandae kwenda kileleni. Nilitoka nje peke yangu, nikatapika nyuma ya jabali, nikafukia kwa mchanga. Niliporudi Baba mdogo alikuwa amesimama njiani akinitazama nilivyokuwa nikitembea. Hakuniuliza kitu. Alichora mstari mchangani kwa fimbo yake, akaumulika, akaniambia nipite juu yake, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mguu mwingine.

Hatua ya kwanza nilipiga, ya pili nilipiga, ya tatu nikaenda upande. Nikasema pale pana mteremko. Akachora mwingine mahali palipo sawa. Nikaanguka juu ya mikono yangu.

"Wewe unashuka sasa hivi," akasema.

Nililia, ndugu wasomaji, wala sioni haya kuliandika. Nilimwambia, "Baba mdogo, shuleni wataniona mtu gani?"

Akanijibu, "Wakikuona, basi umefika nyumbani. Hilo ndilo nililoahidi kwa baba yako. Kilele sikumwahidi mtu."

Akaitwa kiongozi msaidizi mmoja na mpagazi mmoja. Wakanishika huku na huku, tukashuka gizani na baridi kali kuelekea Horombo. Mpagazi yule alikuwa amebeba mzigo mchana kutwa, akaamshwa usiku kwa sababu ya uongo wangu, wala hakunung'unika hata neno moja. Kila tuliposhuka kidogo kichwa kilipungua. Kabla ya mapambazuko tulifika Horombo, penye ile miti ya ajabu yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi. Nikanywa uji, ukakaa tumboni. Asubuhi niliweza kutembea sawasawa. Nilijua hapo kwamba, kama ningeendelea kupanda, pengine nisingekuwa na asubuhi ile.

Wanafunzi wawili waligeuzwa Gilman's Point, ukingoni mwa shimo la volkano. Saba pamoja na walimu wetu walifika Uhuru, na rafiki yangu wa Tanga akiwa mmoja wao. Aliponikuta Horombo hakunicheka. Aliketi karibu nami akanivua viatu, maana vidole vyangu vilikuwa vimevimba. Aibu niliyoipata kwa wema ule ilizidi ile ya kugeuzwa njiani.

Siku ya mwisho, tulipokaribia lango la Marangu, Baba mdogo alitusimamisha akatuhesabu. "Kumi na wawili waliingia, kumi na wawili wanatoka," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Kibo. Sikumsikia akihesabu waliofika kileleni.

MAFUNZO

Kwa wadogo zetu watakaokwenda mwakani, nawaachia haya:

1. Mweleze kiongozi ukweli wote. Yeye hawezi kuingia ndani ya kichwa chako. Ukimficha, umemfunga macho, nawe umejifunga mwenyewe.

2. Tembea polepole tangu siku ya kwanza, unywe maji mengi, ule hata usipotaka.

3. Usimcheke anayesema anaumwa. Yule amejilinda, na amewalinda wenzake.

4. Kiongozi akisema rudi, rudi. Viongozi watatu wa Chamonix walikufa mwaka 1820 katika safari iliyopaswa kungoja. Ukibisha, huyahatarishi maisha yako peke yako.

5. Mheshimu mpagazi, umshukuru kwa jina lake. Siku ukianguka, mikono yake ndiyo itakayokushika.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Mtoto akirudi kutoka mlimani, msimwulize kwanza kama alifika kileleni. Mimi niliogopa swali hilo tangu Mandara, na hofu hiyo ilikaribia kuniua. Baba yangu hakuliuliza. Alinishika bega akanitazama miguu, kisha akamtuma ndugu yangu kumpelekea Baba mdogo mkungu wa ndizi.

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Zamani nilidhani methali hii ni ya kuwatisha watoto wasipande miti. Sasa naiona kuwa ni kazi nzima ya kiongozi wa mlima kwa maneno machache. Kupanda kila mtu hutamani. Yeye analipwa ili kila aliyepanda ashuke.