Khutba za kutunga

SWALI: Shangazi, nina miaka 24, naishi Kibokoni na mama. Mwaka wa pili huu sijui kama Mungu yuko au hayuko. Siwezi kumwamini mzee aliyekaa mawinguni akituandikia madhambi daftarini. Kila Ijumaa mama hunifukizia kanzu udi, natoka, naenda kukaa nyuma ya Fort Jesus nikitazama bahari mpaka watu watoke msikitini. Nikirudi huniuliza khutba ilihusu nini, nami humtungia. Je, nimekufuru? Nihame mji?

JIBU: Kuhama, mwanangu? Utahama na kichwa hicho hicho. Kukufuru si kwangu kupima. Mtafute mwanachuoni asiye mwepesi wa kufoka. Serikali nayo haina neno nawe: kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakupa uhuru wa dhamiri.

Kilichonishtua ni hilo "humtungia". Yaani umekaa pale na upepo wa bahari, kanzu inanukia udi, unapanga Ijumaa hii iwe haki za jirani, ijayo subira! Na mama, akishaosha vyombo, anatoka barazani kuwapa wenziwe: "Leo shekhe kasema..." Shekhe gani? Wewe.

Kutojua hakukuanza nawe. Imamu Ghazali aliandika mwenyewe kwamba aliwahi kukaa karibu miezi miwili akishuku hata macho na akili yake. Baadaye, mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa Baghdad, ulimi ulimganda asiweze kusomesha, chakula hakipiti kooni, akaacha kazi akaondoka. (Aliaga kwa kisingizio cha kwenda Makka, usidhani sijui.)

Na huyo mzee wa mawinguni, hata imamu wako hamwamini. Chuoni hukufundishwa kwamba Mola hafanani na chochote? Unabishana na picha uliyojichorea ulipokuwa na miaka saba. Shika njia ya Langoni, utapita hekalu la Majaini. Mafundisho yao hayana Mungu muumba kabisa, lakini wanafunga, wanasali, wanajizuia kudhuru hata sisimizi. Basi kabla ya kusema humjui Mungu, jiulize ni yupi. Soma, uliza, chukua miaka.

Mama ndiye asiyeweza kungoja miaka. Barua yako, kabla sijaikata, ilikuwa na mistari minne juu ya Mungu na kurasa mbili juu ya mama: alivyokulea peke yake, alivyouza mahamri ukasoma. Wasomaji wangu wa zamani wanajua nisipokubali kushindwa: mtoto aliyekwisha kuota ndevu hali wali wa mamake kwa uongo. Ungemwambia umechelewa, umelala, ningenyamaza. Wewe unamtilia mzazi maneno ya dini usiyoyaamini, ayabebe kwa watu kwa imani yake. Siku jirani atakapomwambia shekhe hakusema hayo, atakayeaibika barazani ni yeye.

Usimmwagie yote kwa siku moja; si lazima asikie habari za Majaini. Atalia, huenda akanuna wiki nzima. Vumilia, na sokoni umwendee kama kawaida.

Ijumaa hii, kabla hajatia kaa kwenye chetezo, mwambie: "Mama, weka udi wako. Leo siendi, na hizo nyingine pia sikwenda."